Pikapu Inapolala Nyuma: Maswali na Majibu Kuhusu Kempa, Springi na Uzito

Lami ya Dodoma–Kondoa–Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, kipande cha kati cha ile njia ndefu ya kutoka Cape mpaka Cairo kilifunguka. Leo pikapu iliyofungwa kempa, yaani chumba cha kulala kinachokaa juu ya bodi, hutoka Arusha, ikalala Kolo karibu na michoro ya miambani ya Kondoa, ikapita Dodoma mjini, ikavuka Mtera na kupanda mlima Nyang'oro kwenda Iringa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lami huficha ugonjwa wa gari lililozidiwa. Ugonjwa hujitokeza pale tairi linapoacha lami na kuingia changarawe, au mteremko unapoanza na breki zikahitajika. Maswali haya ndiyo yanayoulizwa zaidi na wenye pikapu za namna hiyo.

Shikamoo fundi. Hilux yangu ya milango minne imefungwa kempa, na sasa imelala nyuma. Niongeze majani mangapi ya springi?

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kununua hata jani moja, lipeleke gari kwenye mizani. Maghala makubwa ya nafaka huwa na mizani ya magari. Omba kupima likiwa na kila kitu cha safari: maji, mafuta, chakula na abiria wote. Lipime zima, kisha upime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Halafu soma bamba la kiwanda, ambalo kwa kawaida huwa kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Linaonyesha uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kufikia likiwa limepakiwa.

Watu wengi hudanganywa na neno "tani moja". Hilux ya milango minne hubeba karibu tani moja, kutegemea modeli, lakini ndani ya tani hiyo wamo pia abiria. Chukua mfano wa gari lenye uwezo wa kilo 950. Kempa tupu kilo 420. Maji lita 80 ni kilo 80, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Friji na betri ya pili kilo 60. Dizeli ya akiba, madumu mawili ya lita 20, ni kama kilo 34. Watu wanne kilo 280. Chakula na vyombo kilo 100. Tairi la pili la akiba na vifaa kilo 60. Jumla ni kilo 1,034. Gari limeshazidi kilo 84 na bado hujaweka begi la nguo.

Ukishajua namba hizo, ndipo tunaweza kuzungumza habari za springi.

Lakini nikifunga springi nzito zaidi, si gari litaweza kubeba zaidi?

Hapana, na kosa hili ndilo linalovunja magari mengi. Springi hunyanyua gari. Haiongezi uwezo wake. Uzito uleule bado unapita kwenye ekseli, beringi za magurudumu, rimu, matairi, chesisi na breki, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobadilika kwa sababu umeongeza jani. Uwezo wa gari ni uwezo wa kile kilicho dhaifu kuliko vyote.

Hatari inayokuja na springi nzito ni kwamba zinaondoa dalili. Gari lililozidiwa hulala, na kulala huko ni onyo. Ukilinyanyua bila kupunguza mzigo, onyo limezimwa na tatizo limebaki. Kama mizani imesema umezidi, dawa ya kwanza ni kushusha: beba maji ya siku mbili badala ya wiki, acha dumu moja la dizeli, chagua kempa nyepesi ya turubai badala ya ile ya mbao na bati. Springi mpya ni kwa gari ambalo uzito wake uko ndani ya kiwango, ila springi zake za asili zimechoka au zilitengenezwa kwa mzigo wa kupakia na kushusha, si wa kukaa mgongoni mwaka mzima.

Kuna suala la sheria pia. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inagusa magari ya kuanzia tani 3.5. Land Cruiser pikapu yenye kempa nzito na tangi la ziada inaweza kufika hapo.

Mizani imesema niko sawa, lakini usukani umekuwa mwepesi na gari linatangatanga. Kwa nini?

Tazama ulipoweka vitu vizito. Ukishika ndoo ya maji karibu na kifua unaweza kusimama nayo muda mrefu. Ukiinyoosha mbele kwa mkono mmoja, dakika moja ni nyingi. Ekseli ya nyuma inauhisi mzigo namna hiyo hiyo.

Hilux ina karibu mita 3.1 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiweka kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haibebi kilo 100 bali kama 132, kwa sababu mzigo huo unainua sehemu ya mbele na kuipunguzia kilo 32 hivi. Sasa fikiria tairi la akiba, madumu mawili na sanduku la vifaa, vyote vimening'inizwa mlango wa nyuma wa kempa. Magurudumu ya mbele yamenyang'anywa uzito, na hayo ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari.

Tangi la maji na betri ziwekwe chini, mbele ya ekseli ya nyuma, zikisogea kuelekea kibini. Vitu vyepesi kama magodoro na nguo ndivyo vikae nyuma na juu. Mpangilio huu haugharimu chochote, na mara nyingi gari linabadilika kabisa bila kufunguliwa nati hata moja.

Basi springi ipi inafaa kwa kempa isiyoshushwa?

Kwa mzigo wa kudumu, badilisha seti nzima ya springi za nyuma, iliyotengenezwa kwa uzito huo. Watengenezaji wazuri huuliza mzigo wa kudumu ni kilo ngapi. Hapo ile karatasi ya mizani inakulipa.

Kwa mzigo wa kuja na kuondoka, seti yenye jani la msaada ni bora. Jani hilo nene hukaa chini ya mengine na haligusi kazi mpaka gari lilale kiasi fulani. Gari likiwa tupu linabaki laini, likipakiwa jani la msaada linaingia.

Kuongeza jani moja gereji kunakubalika ikiwa jani ni la gari hilohilo au la vipimo vyake. Kataa mambo matatu. Usikubali jani la lori lililokatwa kwa moto, kwa sababu moto huharibu ugumu wa chuma cha springi na huvunjikia hapo hapo lilipochomwa. Usikubali jani lililochomelewa. Wala usirudishe yubolti za zamani: zimeshavutika, na zikilegea senta bolti hukatika, ekseli ikasogea na gari likatembea upande. Funga yubolti mpya kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha uzikaze tena baada ya kilomita mia chache. Bushi zilizokwisha zibadilishwe kazi ikiwa bado iko wazi.

Naona watu wanafunga mifuko ya hewa juu ya difu. Inafaa?

Inafaa kwa kusawazisha kimo kidogo, haifai kubeba kempa iliyozidi. Springi ya majani hushika chesisi katika sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, hivyo uzito hugawanyika. Mfuko wa hewa husukuma chesisi katika nukta moja, juu ya ekseli. Mzigo ukining'inia nyuma na mfuko ukijazwa upepo mwingi, nukta hiyo inageuka egemeo. Australia, ambako pikapu zenye kempa hutembea masafa marefu ya barabara za vumbi, chesisi zilizopinda nyuma ya kibini ni tatizo linalojulikana sana. Ukishaifunga, tumia upepo wa chini unaotosha kusawazisha gari, na usiache kazi ya springi kwa mfuko.

Shokapu mpya nimefunga, lakini baada ya saa moja kwenye barabara ya vijituta gari linaanza kurukaruka. Nimeuziwa feki?

Huenda si feki, imechemka. Watu huchanganya springi na shokapu. Springi hubeba uzito. Shokapu haibebi, kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kucheza. Inafanya hivyo kwa kulazimisha oili kupita kwenye matundu madogo, na kila mpito unazalisha joto. Barabara ya changarawe yenye vijituta huifanyisha kazi hiyo mara nyingi kila sekunde. Oili ikichemka huwa nyepesi na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Tairi linaanza kuruka badala ya kushika ardhi, na ukikata kona gari linateleza.

Shokapu zenye gesi ya naitrojeni huchelewesha povu, na zenye mwili mpana hubeba oili nyingi zaidi na kupoa vizuri. Zinunuliwe pamoja na springi, kwa kuwa springi ngumu huitaka shokapu yenye nguvu ya kuituliza. Lakini dawa ya bei nafuu ni mguu wako: punguza mwendo, simama kila baada ya muda, acha zipoe. Usizishike kwa mkono mtupu, zinaunguza.

Land Cruiser pikapu yangu inayumba sana upepo ukipiga ubavuni, hasa upande wa Singida. Nifanye nini?

Kempa ndefu ni ukuta mbele ya upepo, na Singida haikosi upepo. Anza na mzigo wa juu: kila kilo iliyo kwenye paa inayumbisha kuliko kilo iliyo sakafuni. Toa madumu na kuni juu ya paa. Kisha kagua bushi za springi na za stabilaiza. Tangu 1999 pikapu za Land Cruiser za aina hiyo zina springi za koili mbele na za majani nyuma, na bushi za mbele zikilika gari huyumba hata kama nyuma ni mpya. Mwisho ndipo fikiria stabilaiza nene. Epuka kulipandisha gari juu kwa urembo. Kila inchi unayoongeza inaupa upepo nguvu zaidi.

Matairi je? Nimeambiwa nijaze upepo mpaka yawe magumu.

Soma namba ubavuni mwa tairi. Baada ya vipimo vya ukubwa huwa kuna namba ya mzigo: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 115 ni kilo 1,215, na 120 ni kilo 1,400. Linganisha tairi mbili za nyuma na uzito wa ekseli ya nyuma uliopata mizanini, ukiacha nafasi ya kutosha. Tairi la gari dogo chini ya kempa halifai hata likijazwa vipi.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kiwango cha mzigo kamili kilichoandikwa na mtengenezaji. Pungufu huchemsha tairi kwenye lami ya mchana, na tairi lililochemka hupasuka. Ukivuka korongo lenye mchanga unaweza kupunguza upepo ili tairi litanuke, lakini tembea polepole na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye mwendo. Kama hubebi pampu, usipunguze.

Nimeshafunga springi. Kuna kingine cha kuangalia kabla ya safari?

Vitatu, na cha kwanza hakisameheki.

Breki. Hilux nyingi za miaka ya nyuma zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kifimbo. Gari likilala kwa mzigo, kifimbo huiambia vali iongeze nguvu kwa breki za nyuma. Springi mpya zikilinyanyua gari bila kifimbo kurekebishwa, vali hudhani gari ni tupu na kuzipunguzia breki za nyuma nguvu, wakati gari limebeba tani. Mwambie fundi airekebishe siku hiyohiyo. Kutoka Iringa kushuka Nyang'oro kuelekea Mtera unatoka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hadi kama mita 700. Shuka kwa gia ndogo tangu mwanzo, uache injini ishike gari, breki zibaki baridi kwa dharura.

Taa. Kimo cha gari kimebadilika, nazo zipangwe upya zisimpofushe anayekuja.

Alaimenti. Ipimwe gari likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri.

Fedha zangu ni chache. Nianze na kipi?

Anza na mizani, ambayo ni rahisi kuliko vyote. Pili, punguza na upange upya mzigo. Tatu, breki na matairi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoamua kama utasimama. Nne, bushi na yubolti. Tano, springi na shokapu kwa pamoja. Mifuko ya hewa na stabilaiza vifuate kama bado kuna haja.

Wengi huanza na springi kwa kuwa gari lililolala linaonekana vibaya, halafu husafiri na familia nzima juu ya breki zisizotosha. Fuata mpangilio huu hata kama safari itachelewa mwezi mmoja. Na kila unapoongeza kitu kipya kwenye kempa, kiwe friji, tangi au kitanda, rudi mizanini.