UMEITWA WAPI? SOMO KUHUSU NAFASI ZA VYUO VIKUU

Kila Januari matokeo ya KCSE yanapotangazwa, mtaani huvuma swali moja: "Umepata ngapi?" Hilo huisha baada ya wiki mbili hivi. Swali linalofuata hudumu kwa miezi: "Umeitwa wapi?" Anayeulizwa hana jibu, kwa kuwa bado hajaitwa popote.

Mimi ni mtahiniwa wa kidato cha nne. Nimewasikia wenzangu wakisema ati nafasi za Udaktari au Sheria ni bahati nasibu, wengine ati ni za wenye kujuana. Basi nikamuuliza mwalimu wetu wa ushauri, nikamuuliza na dada yangu aliyeyapitia haya. Ninalotaka mwondoke nalo ni hili: alama ya kuingilia kozi haiwekwi na mtu yeyote mapema. Hujulikana baada ya nafasi kujaa. Ukilielewa hilo, utachagua kwa busara na utangoja bila kujidharau.

WALIOTUTANGULIA

Tusidhani kungoja kulianza jana. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na waliomaliza shule wakarundikana nyumbani. Kisha ukaja mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Mwaka 1989 ikafanywa mitihani miwili: KACE ya mwisho ya kidato cha sita na KCSE ya kwanza ya kidato cha nne. Makundi yote mawili yakabisha hodi katika vyuo vilevile. Ndiyo maana kwa miaka mingi mtu alifaulu vizuri lakini akakaa nyumbani karibu miaka miwili kabla ya kuitwa. Siku hizi anayefanya mtihani mwishoni mwa mwaka huingia chuo mwaka unaofuata, aghalabu Agosti au Septemba.

Zamani nafasi ziligawanywa na bodi ya pamoja iliyojulikana kama JAB. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda KUCCPS, huduma inayowapangia wanafunzi nafasi katika vyuo vikuu na vyuo vya kadri. Tena, zamani mtahiniwa alichagua kozi kabla ya mtihani, akikisia tu atakachopata. Siku hizi anachagua matokeo yakiwa mkononi. Hiyo ni nafuu kubwa, maadamu anajua kupiga hesabu.

HESABU YA KLASTA

Gredi ya chini ya kuingia shahada ni C+. Lakini C+ hukufikisha uwanjani tu, haikupi ushindi. Kila kozi ina kikundi chake cha masomo manne, ndiyo klasta. Kwa Udaktari, kwa mfano, hutakiwa angalau B katika Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kwa Sheria hutakiwa angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Mnasikia, nyinyi mnaosema Kiswahili ni somo la kupumzikia?

Hesabu ya kufundishia ni hii. Chukua pointi zako za masomo manne ya klasta, ugawanye kwa 48. Chukua pointi za masomo yote saba, ugawanye kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha uzidishe kwa 48. Tarakimu itakayotolewa na KUCCPS ndiyo ya mwisho, lakini hii yatosha kutuonyesha njia.

Hebu tutazame wanafunzi wawili wa kubuni, Akinyi na Mutua. Wote wana pointi 77, yaani A-, na wote wanataka Udaktari.

Akinyi: Bayolojia 10, Kemia 10, Hisabati 11, Kiswahili 12. Klasta yake ni 43. Masomo mengine ni Kiingereza 10, Historia 12, Biashara 12. Akipiga hesabu anapata takriban 43.50.

Mutua: Bayolojia 12, Kemia 11, Hisabati 12, Kiswahili 11. Klasta yake ni 46. Masomo mengine ni Kiingereza 10, Historia 10, Biashara 11. Yeye anapata takriban 44.99.

Gredi ni moja, jumla ni moja, lakini Mutua yuko mbele kwa karibu pointi moja na nusu. Katika kozi inayogombaniwa, ambapo watu hutofautiana kwa desimali, pengo hilo si mchezo. Mutua hakusoma zaidi ya Akinyi. Pointi zake zimeangukia mahali kozi inapotazama. Mathalani, kama wote wawili wangeomba kozi ambayo klasta yake ina Historia badala ya Kemia, mambo yangebadilika.

Sasa tumpunguzie Akinyi pointi mbili za Kiswahili, awe na 10. Klasta inashuka hadi 41 na jumla inashuka hadi 75. Anabaki na takriban 41.92. Pointi mbili zimemgharimu zaidi ya moja na nusu, kwa sababu Kiswahili chake kilihesabiwa pande zote mbili.

ALAMA YA MWISHO

Tuseme kozi fulani ina nafasi 60 na waombaji 500 waliotimiza masharti. Waombaji hupangwa kutoka aliye juu hadi aliye chini. Wa kwanza hadi wa 60 wanaingia. Pointi za yule wa 60 ndizo zinazoitwa katofu ya mwaka huo. Mwaka ujao waombaji bora wakiongezeka, katofu itapanda. Wakivutiwa na kozi nyingine, itashuka. Vilevile kozi ileile huweza kuwa na katofu tofauti katika vyuo viwili, kwa kuwa mmoja unakimbiliwa zaidi.

Kwa hivyo katofu ya mwaka jana itazame kama mvuvi anavyotazama maji ya jana: inakufunza, haikuahidi. Na aliyekuwa wa 61 hakufeli. Alizidiwa na mtu mmoja, pengine kwa desimali.

YALIYOMPATA DADA YANGU

Dada yangu alipata A-. Alitaka Udaktari tangu utotoni. Alipofungua tovuti aliona pointi zake ziko chini kidogo ya katofu ya mwaka uliotangulia, akauweka Udaktari juu na Uuguzi chini yake. Kisha akangoja. Kila alipokwenda dukani aliulizwa ameitwa wapi, hata akaanza kumtuma mdogo wetu. Mtu mmoja alimwendea Mama akidai anajuana na wakubwa, apewe pesa kidogo jina lipenyezwe. Mama alimjibu, "Mwanangu ana pointi zake, zinamtosha," akamwonyesha njia.

Nafasi zilipotoka, Dada aliitwa Uuguzi. Baba hakufurahi. Alitaka arudie kidato cha nne. Mjadala ulikuwa mkali nyumbani. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa heshima, "Baba, Uuguzi sikupewa kwa bahati mbaya. Niliuandika mwenyewe, kwa sababu nilijua nikiupata nitakwenda." Baba alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akauliza karo ni kiasi gani. Leo Dada yuko mwaka wa pili. Hajasema kwamba haimwumi, na mimi sitasema hivyo kwa niaba yake. Lakini anaposimulia wodini anakofanyia mazoezi, sisi sote huacha kula tukamsikiliza.

Nafunzwa na kisa hicho kwamba chaguo la pili lisijazwe kama pengo la kuziba. Andika kozi ambayo ukiitwa utakwenda.

MAMBO YA KUSHIKA

Mosi, panga chaguo zako kama ngazi. Weka kozi unayoitamani hata kama iko juu kidogo, kisha ile inayolingana na pointi zako, kisha ile uliyo na hakika nayo zaidi. Anayejaza kozi zote za juu huweza kukosa zote.

Pili, linda nywila yako. Ukienda saiba, bonyeza mwenyewe, hakikisha umetoka kwenye ukurasa wako, na uweke nakala ya ulichochagua. Wapo waliokuta kozi zao zimebadilishwa.

Tatu, ukikosa katika awamu ya kwanza usijifungie chumbani. Hufunguliwa awamu nyingine ya kuchagua kozi ambazo hazijajaa. Baadaye huwapo pia muda wa kuomba uhamisho, iwapo pointi zako zinafikia katofu ya kozi unayotaka.

Nne, kuitwa ni jambo moja na karo ni jingine. Maombi ya mkopo na ufadhili hufanywa kando, nayo yana siku zake za mwisho.

Tano, miezi ya kungoja isikuozeshe. Tafuta kitambulisho, jifunze kompyuta, msaidie mzazi kibandani, wafundishe watoto wa jirani Hisabati.

ZOEZI

1. Mwanafunzi ana pointi 70 kwa jumla na 42 katika klasta. Piga hesabu ya pointi zake. (Jibu: takriban 41.)
2. Kwa nini katofu ya kozi moja hubadilika kila mwaka?
3. Taja klasta ya kozi unayoitamani. Katika masomo hayo manne, ni lipi unalolitoroka?

Swali la tatu lijibu kimoyomoyo, kisha muhula huu ulikabili somo hilo. Sisi tulio darasani bado tuna muda ambao walio nyumbani wakingoja wanautamani. Nawatakia watahiniwa wenzangu kila la heri.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne