Likizo ya Soka: Jinsi ya Kuwakuza Chipukizi Bila Kuwaumiza

Ligi inapokamilika, vilabu vya mitaani na timu za shule huanza kusaka damu changa. Makocha huandaa majaribio, vijana wa miaka 16 na 17 hujitokeza kwa wingi, na wanaong'ara husajiliwa kwa msimu unaofuata. Wakati uo huo, mashindano ya likizo hufuatana wikendi baada ya wikendi. Kijana mwenye kipaji huitwa na kila timu, naye huogopa kukataa asije akasahauliwa. Hapo ndipo hatari huanzia.

Makala haya yanaeleza mambo manne ambayo kocha, mzazi na mchezaji wanafaa kuyajua kabla ya msimu mpya.

Mfano wa Pedri

Pedri alipojiunga na kikosi cha kwanza cha Barcelona mwaka wa 2020, alikuwa na miaka 17. Katika msimu huo wa kwanza alicheza mechi 73, za klabu na za taifa lake la Uhispania. Alichaguliwa mchezaji bora chipukizi wa Kombe la Ulaya, kisha akaelekea Olimpiki ya Tokyo bila mapumziko ya maana. Fainali ya Olimpiki ilichezwa Agosti 7, 2021. Wiki moja baadaye, ligi ya Uhispania ilikuwa imeanza tena.

Msimu uliofuata aliumia msuli wa paja zaidi ya mara moja, na akaichezea klabu yake mechi 22 pekee. Kipaji chake hakikupungua, ila alilazimika kukitazama kutoka kwenye benchi. Klabu kubwa ina madaktari na mashine za kila aina, na bado hayo yalitokea. Timu ya kijijini isiyo hata na sanduku la huduma ya kwanza ina sababu kubwa zaidi ya kuwa makini.

1. Mapumziko ni sehemu ya mazoezi

Mazoezi makali huchosha na kuchanachana nyuzi ndogo za misuli. Usingizi, chakula na mapumziko ndivyo huzirekebisha na kuzifanya imara zaidi. Asiyepumzika hujenga juu ya nyufa.

Kwa kijana anayeendelea kukua, jambo hili ni zito zaidi. Mifupa yake hurefuka upesi kuliko misuli inavyonyumbuka, na ncha za mifupa hiyo bado ni laini. Maumivu chini ya goti au kwenye kisigino mara nyingi hutokana na hali hiyo. Chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani hushauri kijana apumzike angalau siku moja kwa wiki, na akae mbali na mchezo wake mkuu kwa miezi miwili au mitatu kwa mwaka. Miezi hiyo inaweza kugawanywa, na katika kipindi hicho anaweza kuogelea, kuendesha baiskeli au kutembea.

2. Kurudi uwanjani ni hatua kwa hatua

Aliyepumzika mwezi mzima hawezi kucheza dakika 90 siku ya kwanza. Mpango rahisi wa wiki sita unafaa timu nyingi: wiki mbili za kukimbia taratibu na kujenga nguvu za miguu na kiuno, wiki mbili za mpira na michezo mifupi, kisha wiki mbili za mechi za kirafiki, dakika zikiongezwa kidogo kidogo.

Mchezaji mpya asipimwe kwa kipimo cha wazoefu. Anapotaka kumridhisha kocha, hujituma kupita uwezo wake wala hasemi amechoka. Ni juu ya kocha kumpumzisha kabla hajaomba.

3. Dakika 20 za kupasha mwili moto

FIFA ina mpango wa mazoezi unaoitwa 11+, wenye mazoezi 15: kukimbia kwa dakika 8, nguvu na mizani kwa dakika 10, kisha kukimbia tena kwa dakika 2. Hauhitaji vifaa vya gharama. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008, uliofanywa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha kwamba timu zilizoufuata zilipunguza majeraha kwa takriban theluthi moja.

Wasichana wasisahaulike. Hatari yao ya kukatika kano ya ndani ya goti ni mara mbili hadi tatu ya ile ya wavulana, kwa hivyo mazoezi ya kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa ni muhimu sana kwao.

Kabla ya mazoezi, uwanja ukaguliwe. Mashimo yafukiwe, na mawe na vigae vya chupa viondolewe.

4. Jeraha lisifichwe

Kijana akiumia, aache kucheza papo hapo. Awekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, afungwe bendeji isiyobana sana, na mguu uinuliwe. Kukanda kwa maji moto au kuchua kwa nguvu siku mbili tatu za kwanza huongeza uvimbe. Dawa ya maumivu isitumiwe kumrudisha uwanjani.

Apelekwe hospitalini bila kuchelewa ikiwa hawezi kukanyaga hatua nne, goti limelia au limevimba ndani ya saa chache, au kiungo kimepinda. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, akatapika au akazimia asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya goti huhitaji angalau miezi tisa kabla ya kushindana tena.

Familia zijiandae mapema kwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kupitia *147#. Mtoto aliye chini ya miaka 18 husajiliwa kama mtegemezi wa mzazi. Aliyesajiliwa hupata huduma za msingi bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Matibabu ya hospitali kubwa, ukiwemo upasuaji, huhitaji michango iwe imelipwa.

Maswali ya kujadili katika timu

1. Je, kila mchezaji wetu ana angalau siku moja ya kupumzika kila wiki?
2. Nani huweka hesabu ya mechi za kijana anayechezea shule na klabu kwa pamoja?
3. Mchezaji anayesema ameumia hupoteza nafasi yake kikosini? Kama ndivyo, nani atasema ukweli?
4. Siku ya mechi, nani ana jukumu la huduma ya kwanza, na gari la kumpeleka majeruhi hospitalini litatoka wapi?