Usisahau Kifungo Baada ya Matope

Ndugu shofa, tazama mbele yako, pembeni ya usukani. Motokari nyingi za siku hizi zina kifungo chenye picha ya motokari ndogo, nyuma yake mistari miwili iliyopinda, na neno OFF. Kifungo hiki kilituletea vijana watatu kwenye dispanseri.

Motokari yao ilikwama katika matope, kwenye mlima wa Mushaki, juu ya Sake. Shofa akabonyeza kifungo, akatoka. Hapo hakukosa. Alikosa alipoanza kurudi Goma bila kukibonyeza tena. Mvua ilikuwa inanyesha, na kwenye kona moja ya mteremko nyuma ya motokari ikataka kutangulia mbele. Wawili waliofunga mkanda walitoka na michubuko. Wa tatu, aliyekaa nyuma bila mkanda, alivunjika mtulinga.

Sasa uelewe kazi yake. Kila gurudumu lina kipimo kinachohesabu mizunguko. Moja likizunguka bure, kompyuta inalifunga freni na kupunguza nguvu ya injini. Tena, ukikata usukani na motokari isikufuate, inafunga freni ya gurudumu moja peke yake. Mguu wako hauwezi kufanya hivyo, maana pedali ni moja kwa magurudumu yote. Mercedes-Benz walianza kuuza motokari yenye ulinzi huu mwaka 1995.

Mbona basi tuuzime? Kwa sababu katika matope mengi au changarawe ya lava iliyolegea, gurudumu linahitaji kuzunguka kidogo ili lijichimbie njia. Kompyuta inadhani ni hatari, inakata nguvu, nawe unabaki palepale. Zima, toka polepole, na ukifika pagumu bonyeza tena kabla ya kuongeza mwendo. Katika motokari nyingi, kubonyeza mara moja kunazima ulinzi wa kuvuta tu. Kushika kifungo sekunde kadhaa kunazima hata ule wa kona. Kwa hiyo usikishike. Ukisahau, simama, zima injini na uiwashe upya: kwa kawaida ulinzi unarudi wenyewe. Walio na gia ya L4 wajue kwamba katika motokari nyingi gia hiyo nayo inauzima.

Jambo moja linanisumbua: wengine wanaendesha mbio wakisema motokari ina kompyuta. Kompyuta haiwezi kuupa meno mpira uliokwisha, na mawe yetu ya lava yanaila mipira vibaya. Ukitoka kilomita 30 kwa saa kufika 60, njia ya kusimamia kwa freni inakuwa mara nne.

Na wewe mama, unayekaa pembeni na mtoto: taa ya njano yenye picha ile ikipepesa, motokari inateleza na ulinzi unafanya kazi, mwambie shofa apunguze mwendo. Ikikaa imewaka tu, ulinzi umezimwa au umeharibika. Muulize palepale, kabla ya mteremko.