Una mikaratusi Mufindi? Ipime Kariakoo kabla ya kuuza

Duka lako liko Mtaa wa Kongo, miti yako iko Mufindi, na dalali anapiga simu kutaja bei. Usimjibu leo. Jua kwanza densiti ya miti yako, yaani kilo za mti mkavu zilizomo katika mita moja ya ujazo. Karatasi hutoka kwenye mti mkavu, si kwenye maji yake. Vifaa vya kupimia vyote utavipata Kariakoo.

Jua spishi. Mkaratusi, au mlingoti, si mti mmoja. Eucalyptus grandis hukua haraka, na ukivunwa mchanga huwa mwepesi. Saligna hukaribiana nao. Camaldulensis na maidenii ni mizito zaidi. Tafuta risiti ya miche ujue ulipanda ipi.

Agiza sampuli. Msimamizi wa shamba achague miti kama kumi, asiishie kwenye ile ya pembeni. Kila mti akate visahani vya unene wa sentimita 3: chini, katikati na juu. Katika kila kisahani atoe kipande kama cha keki, kuanzia moyo hadi gome, kwa sababu mti huwa mwepesi zaidi karibu na moyo. Avue gome, aweke namba.

Visikauke njiani. Mti ukikauka husinyaa, na ujazo wake hukudanganya. Avitie kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko, apakie kwenye basi, wewe upokee Stendi ya Magufuli.

Pima ujazo. Weka beseni la maji juu ya mizani ya dijitali ya jikoni, kisha irudishe sifuri. Choma kipande kwa sindano ndefu, kizamishe chote bila kugusa beseni. Gramu unazosoma ndizo sentimita za ujazo.

Kausha kwa oveni. Tumia nyuzi 103 hadi 105, mpaka uzito usishuke tena. Jua la Dar halitoshi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi.

Gawanya. Gramu kavu kwa ujazo, kisha zidisha kwa 1,000. Gramu 96 kwa sentimita 200 za ujazo ni kilo 480 kwa mita ya ujazo. Tafuta wastani wa vipande vyote.

Soma jibu. Kati ya 450 na 600, mti wako unafaa kwa rojo la karatasi. Chini ya hapo, kila mpiko hutoa rojo kidogo. Juu ya hapo, mti hupitisha dawa za kupikia rojo kwa shida. Fikiria nguzo au kuni. Ukiwa mwekundu sana, tarajia mnunuzi alalamikie gharama za dawa.

Uliza karatasi gani. Nyuzi za mkaratusi ni fupi, kama milimita 1. Zinafaa tishu na karatasi laini ya kuandikia. Za msindano hufika kama milimita 3, ndizo zinazoyapa maboksi na mifuko ya kaki nguvu. Kabla ya kukata mti, muulize mnunuzi, awe wa kiwanda cha karatasi cha Mgololo au wa kwingine, anachukua spishi ipi.

Mwisho, kubaliana kipimo. Akilipa kwa tani ya magogo mabichi, yafikishe haraka: kila siku yakikaa, maji yanatoka na hela inapungua. Akilipa kwa mita za ujazo na densiti yako iko juu, mwoneshe hesabu yako, kisha taja bei wewe.