Sarufi ya Hitilafu: Viambishi vya Njeo katika Uchunguzi wa Taimingi ya Injini ya Land Rover ya Zamani

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za ufundi katika Kiswahili umejishughulisha zaidi na majina. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na hata katika kazi kama kamusi ya ufundi ya Rajmund Ohly iliyotoka mwaka 1987, swali kuu limekuwa: kifaa hiki kiitweje? Makala haya yanaliweka kando swali hilo na kuuliza jingine: fundi anapotafuta hitilafu, ujuzi wake hukaa katika sehemu gani ya lugha? Hoja inayotetewa ni kwamba hukaa zaidi katika kitenzi, hususan katika viambishi vya njeo na hali, kuliko katika nomino.

Mfano uliochaguliwa ni taimingi ya cheche katika injini ya petroli ya Land Rover yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, iliyoanza kutumika mwaka 1958. Mandhari yake ni Kilole, Korogwe, mahali panapofaa kwa sababu ya kijiografia. Korogwe iko tambarare, kiasi cha mita 300 juu ya usawa wa bahari, ilhali milima ya Usambara imesimama kando yake na Lushoto iko karibu mita 1,400. Gari la huko hulazimika kupanda, tena likiwa na mzigo, na mlima ndio unaofichua kasoro ya taimingi. Sentensi za dereva zinazojadiliwa hapa zimetungwa kwa ajili ya kufafanua hoja.

2.0 Cheche na Wakati Wake

Mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui papo hapo, huhitaji muda. Kwa hiyo cheche hutakiwa kutangulia kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili nguvu ya mwako iisukume inapoanza kushuka. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki hupita digrii 18,000 kwa sekunde moja. Ikichukuliwa kwamba mwako huhitaji sehemu mbili za elfu za sekunde, muda huo ni sawa na digrii 36 za mzunguko. Katika mizunguko 600 kwa dakika, muda uleule ni digrii 7 tu. Hii ndiyo sababu ditributa ina vipande vya uzito na springi: kasi ikiongezeka, vipande hivyo hutanuka na kuifanya cheche itangulie zaidi.

Hapana budi kutofautisha mambo mawili. Kuna taimingi ya msingi, anayoiweka fundi kwa kuzungusha mwili wa ditributa. Na kuna taimingi inayobadilika yenyewe injini inapofanya kazi. Neno taimingi, kama linavyotumika gereji, hubeba yote mawili bila kuyatenga.

3.0 Kauli za Dereva

Zichukuliwe sentensi nne:

(1) Gari hugonga likipanda mlima na mzigo.
(2) Gari limeanza kugonga likipanda mlima.
(3) Gari limekuwa likipungukiwa nguvu.
(4) Gari linakata likishapata moto.

Katika (1), kiambishi hu- chaonyesha mazoea. Hali haikubadilika; ndivyo gari lilivyo. Fundi huelekezwa kwenye jambo la kudumu, yaani cheche iliyowekwa itangulie mno, au petroli isiyolingana na mgandamizo wa injini. Hapa jiografia ya Korogwe ina somo. Gari lililowekewa taimingi kwa sikio huko Lushoto, ambako hewa ni nyepesi na shinikizo ndani ya silinda ni dogo, huweza kuvumilia cheche ya mapema bila kugonga. Likishuka Korogwe na kupakia mzigo, hewa nzito hujaza silinda na mgongo huanza. Kwa hiyo fundi wa Kilole atauliza kwanza taimingi iliwekwa wapi.

Katika (2), mofimu -me- pamoja na kitenzi kuanza huonyesha badiliko. Yamkini skrubu ya kubania ditributa imelegea na mwili wake umezunguka, au springi ya vipande vya uzito imekatika na cheche inatangulia upesi kupita kiasi. Yamkini pia masizi yamejaa ndani ya silinda. Kitenzi kugonga ni kilekile. Kilichobadilika ni kiambishi, na kwa hiyo mahali pa kutazama pamebadilika.

Sentensi (3) hueleza mwenendo wa polepole. Hitilafu inayolingana nayo ni kulika kwa kisigino cha pointi. Kisigino kikilika, nafasi ya pointi hupungua, nazo huchelewa kufunguka. Cheche huchelewa kidogo kidogo pasipo mtu kugusa ditributa. Mnyororo wa taimingi uliolegea huleta matokeo kama hayo, maana ditributa huendeshwa na kemshafti. Ndiyo maana nafasi ya pointi, milimita 0.35 hadi 0.40, hupimwa kabla ya kugusa taimingi. Anayegeuza utaratibu huu hufidia uchakavu kwa kuzungusha ditributa, na akibadilisha pointi baadaye atakuta cheche inatangulia mno.

Sentensi (4) ndiyo inayopotosha zaidi. Mwenye gari huiita taimingi, lakini sharti lililomo katika likishapata moto huelekeza kwingine: kondensa au koili inayoshindwa ikipata joto. Taimingi ya msingi haibadiliki kwa joto namna hiyo. Mofimu -ki- ikiungana na -sha- humwambia fundi kwamba kazi ya kwanza ilikamilika ndipo hitilafu ikatokea, na hilo pekee latosha kumzuia asilegeze skrubu ya ditributa.

4.0 Nomino Inayoficha

Nomino taimingi ilipokopwa, haikuja na vitenzi vyake vya kiufundi. Kitenzi kutaimu kipo, lakini mitaani kimechukua maana ya kumvizia mtu au kungoja fursa. Matokeo ni kwamba kauli "taimingi imeharibika" haisemi kama cheche imetangulia au imechelewa, wala kama kasoro ni ya msingi au ya mabadiliko. Utata huu una gharama. Gari linalogonga likiendelea kubebeshwa mzigo huweza kutoboka pistoni. Na cheche inayotangulia mno huirudisha hendeli kwa nguvu inayoweza kumvunja mkono anayeizungusha.

Vitenzi kutangulia na kuchelewa vinafaa kuziba pengo hilo. Vinaeleweka bila kufundishwa, hukubali njeo zote, na huzaa nomino kwa urahisi: pembe ya kutangulia, kiasi cha kuchelewa. Uthibitisho wake hufanywa kwa taa ndogo iliyounganishwa kati ya waya wa ditributa na bodi. Hendeli huzungushwa hadi alama ya silinda ya kwanza ikae mahali pake katika mgandamizo, kisha swichi hufunguliwa. Taa hukaa imezimika pointi zikiwa zimefunga, nayo huwaka pale pale zinapofunguka. Ikiwaka kabla ya alama, cheche imetangulia. Ikiwaka baada yake, imechelewa.

Alama ya kitabu nayo haitoshi peke yake. Vipimo vya zamani vilipangwa kwa petroli ya wakati wake. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuondoa risasi katika petroli, na mafuta yanayouzwa leo si yale ya mwaka 1958. Hivyo kipimo huwa mwanzo, na mlima huwa hakimu.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba dereva asiyejua jina la kifaa hata kimoja huweza kutoa taarifa kamili ya hitilafu, mradi fundi asikilize hu-, -me-, -ki- na -sha- kwa makini kama anavyosikiliza injini. Kwa watunga istilahi, hii ina maana kwamba orodha ya nomino, hata ikiwa ndefu, haikamilishi lugha ya ufundi. Kwa walimu wa vyuo vya ufundi, ina maana kwamba somo la sarufi lina nafasi katika karakana: kabla ya mwanafunzi kupewa spana, afundishwe kutofautisha gari ambalo hugonga na gari ambalo limeanza kugonga.