Majira ya Baridi ya Kwanza Buffalo

Kijitabu hiki ni cha familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Buffalo, jimbo la New York, hasa zile zilizotoka Kongo na Burundi au zilizokaa miaka mingi katika kambi za Kigoma. Anayejua kusoma amsomee mzee au jirani asiyejua.

Theluji inayotoka ziwani

Buffalo iko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Kwa wastani, karibu sentimita 240 za theluji huanguka hapa kila mwaka, na nyingi huletwa na ziwa hilo. Mwezi wa Novemba maji bado yana joto. Upepo wa baridi ukipita juu yake hubeba mvuke, na ukifika nchi kavu humwaga theluji katika ukanda mwembamba. Ndiyo maana mtaa mmoja hufunikwa kabisa huku mtaa wa pili ukipigwa na jua. Kabla ya kutoka, sikiliza utabiri wa hali ya hewa. Anga unayoiona dirishani haitoshi.

Dhoruba ya Krismasi ya mwaka 2022 iliua watu zaidi ya 40 katika eneo hili. Wengine walikutwa nje, wengine ndani ya magari yaliyokwama, na wengine katika nyumba zilizokosa joto. Magari ya wagonjwa yenyewe yalikwama. Kwa hiyo serikali ikipiga marufuku kuendesha magari, baki nyumbani, hata kama zamu yako imefika. Mpigie simu msimamizi wako mapema umweleze. Tunajua hofu ya kupoteza kazi ilivyo kubwa kwa mgeni mwenye watoto, lakini hakuna mshahara unaostahili safari hiyo. Kuanzia Novemba, weka ndani unga, maharagwe, dagaa, maji, dawa na maziwa ya mtoto ya siku kadhaa.

Moto unaoua kimya

Hapa tunaomba usome polepole. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, hata kwa dakika chache, hata ukifungua dirisha. Kule tulikotoka, wengi tulipika nje au chini ya paa lenye upenyo. Nyumba za hapa zimezibwa ili joto lisitoke, na gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi hubaki humo humo. Haina harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje wote mara moja, ndipo mpige 911.

Gesi hiyo hiyo hutoka kwenye gari. Ukikwama barabarani, futa kwanza theluji iliyoziba bomba la moshi kabla ya kuwasha injini. Nyumbani nako, zunguka nje uone kama theluji imeziba bomba la mtambo wa kupasha joto. Usipashe nyumba kwa kuacha oveni wazi. Na king'ora cha ukutani kikilia, usikitoe betri ili kinyamaze: kinakuokoa.

Joto ni haki ya mpangaji

Katika jimbo la New York, mwenye nyumba anatakiwa kuhakikisha vyumba vinaweza kufikia digrii 68 za Fahrenheit, yaani digrii 20 za Selsiasi, wakati wa baridi. Kumdai hivyo si utovu wa adabu. Mwandikie ujumbe, uutunze. Asipojibu, piga simu 311 ya jiji. Ikiwa bili ya gesi imekushinda, uliza kuhusu HEAP, mpango wa serikali unaosaidia familia zenye kipato kidogo kulipia joto.

Mwili na mavazi

Nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda koti moja zito. Soksi zikilowa, badilisha papo hapo. Mtoto akipanda gari, mvue koti nene, mfunge mkanda umkaze vizuri, kisha mfunike blanketi kwa juu. Koti likibonyea kwenye ajali, mkanda hulegea na mtoto huchomoka.

Vidole vikifa ganzi, ngozi ikawa ngumu au ya rangi ya majivu, ingia ndani uviloweke katika maji ya vuguvugu, kisha umwone daktari. Usivisugue, wala usivisogeze karibu na moto.

Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Baadhi ya watu huzidiwa na huzuni, hukosa usingizi au hulala kutwa. Toka nje mchana hata kwa muda mfupi, na mweleze daktari. Mwulize pia kuhusu vitamini D, kwa kuwa ngozi nyeusi huitengeneza polepole katika jua hafifu.

Simu

Hatari ya maisha ni 911. Msaada wa chakula, joto au mahali pa kulala ni 211. Huhitaji kujua Kiingereza: sema "Swahili", usikate simu, subiri wakuunganishe na mkalimani. Huduma hiyo hulipii. Wafundishe na watoto anwani ya nyumba yenu, pamoja na namba ya ghorofa.