Haijajibu au Haikujibu? Kikomo cha Muda katika Majaribio ya Programu za Tarakilishi

Utangulizi
Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, ilidhihirika kwamba Kiswahili kinamudu istilahi za tarakilishi. Hata hivyo, kupata neno si sawa na kupata maana. Makala haya yanachunguza dhana ya kikomo cha muda katika kiendesha majaribio, yaani programu inayoijaribu programu nyingine bila kusimamiwa na mtu. Tunadai kwamba sarufi ya Kiswahili inaifafanua dhana hii barabara.

Mfano wa gatini
Msafiri anayengoja gatini Mbita, Homa Bay, kivuko kitokacho Luanda Kotieno, husema, "Kivuko hakijafika." Kiambishi -ja- kinaacha mlango wazi. Akichoka na kwenda zake, atasimulia, "Kivuko hakikufika." Ziwani huenda hakuna kilichobadilika, kilichobadilika ni uamuzi wa msafiri. Mwanafunzi wa Homa Bay au Migori azungumzaye Kijaluo hatapotea hapa, kwani lugha yake nayo ina neno pok, la kuonyesha jambo ambalo bado kutendeka.

Kiendesha majaribio ni kama msafiri huyo. Kwa kawaida, Mocha hulipa jaribio moja milisekunde 2,000, Jest 5,000, na Playwright 30,000, isipokuwa kama mwandishi wa programu ameagiza vingine. Muda ukiisha, jaribio huhesabiwa kuwa limeshindwa. Lakini kijuacho kiendesha majaribio ni kwamba programu haijajibu. Kikomo ndicho kinachokiruhusu kuandika haikujibu.

Kukisimamia kikomo
Kikomo kifupi mno huilaumu programu isiyo na kosa, hasa mashine inapolemewa. Kikomo kirefu mno hupoteza wakati: majaribio 100 yaliyokwama, yakifuatana kwa sekunde 30 kila moja, hula dakika 50. Kwa hiyo:

(a) Jaribio zito lipewe kikomo chake lenyewe. Kisirefushwe cha majaribio yote kwa ajili yake.
(b) Jaribio lisilale kwa sekunde za kukisia, bali lingoje tukio lenyewe, kwa mfano kutokea kwa jibu kwenye skrini.
(c) Likikatizwa, faili na miunganisho yake ifungwe, lisije likalichafua jaribio linalofuata.
(d) Ujumbe utaje kilichokuwa kikingojwa na muda uliotumika.

Uzito wa kiambishi
Tuchukue zahanati ya mashambani yenye mtandao hafifu. Muuguzi anahifadhi rekodi ya dawa. Rekodi inafika, ila jibu linapotea njiani. Skrini ikisema "Rekodi haikuhifadhiwa", ataiandika tena, na mgonjwa ataonekana amepewa dawa mara mbili. Ujumbe wa kweli ungekuwa: "Jibu halijafika. Hakiki rekodi kabla ya kurudia." Jaribio lililoandikwa vyema hulichelewesha jibu kusudi, kisha likapima iwapo programu inasema ukweli huo.

Hitimisho
Subira huvuta heri, lakini kila subira ina mpaka wake. Anayeuweka mpaka huo ni mtaalamu wa tarakilishi. Anayejua la kusema unapofikiwa ni mwanafunzi wa Kiswahili. Tunapendekeza tafsiri ya jumbe za programu iingizwe katika mazoezi yetu ya sarufi, tukianzia na viambishi hivi viwili, -ja- na -ku-.